Vidonge vya Rangi Mbili

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, Jumatano, siku ya tisa baada ya operesheni, kikopo cha tramadol, dawa kali ya maumivu, kilikuwa na vidonge tisa. Kwa mujibu wa daftari vilipaswa kuwa kumi na vinne.

Matano alihesabu tena. Alivimwaga juu ya jalada la daftari, akavipanga vitatu vitatu, upande wa kijani juu, upande wa manjano chini. Vilikuwa tisa. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini. Alishahesabu magunia ya mchele, mapipa ya lami na, mara moja, ng'ombe mia nne na kumi waliokuwa wakipandishwa melini kwa fujo. Siku hiyo hesabu yake ilizidi kwa mmoja, na baadaye ikathibitika kwamba ndama alizaliwa katikati ya kazi. Vidonge vilivyotulia juu ya daftari havingemshinda.

Mgongo wake ulikuwa na skrubu nne na vyuma viwili, vilivyotiwa ili pingili mbili za chini, ambazo zilikuwa zimeanza kuteleza kila moja na njia yake, zishikane na kuota mfupa mmoja. Kwa wiki sita hakuruhusiwa kuinama, kunyanyua kitu wala kujipinda. Panadol mbili kila baada ya saa sita. Tramadol vitatu kwa siku mpaka Ijumaa, viwili Jumamosi, viwili Jumapili, na kimoja Jumatatu asubuhi cha kumfikisha kliniki. Jumla kumi na vinne. Hakikuwepo hata kimoja cha ziada, na daktari alikuwa ameliweka wazi jambo hilo siku ya kumruhusu kwenda nyumbani: "Vikiisha kabla ya Jumatatu usinipigie simu. Nimeshaambiwa vimeliwa na panya, nimeshaambiwa vimeangukia chooni. Duka la dawa halitakuuzia bila karatasi yangu, na mimi karatasi sitaandika."

"Jalila!" aliita.

Jalila, mkewe, alikuwa mbele ya kioo akifunga mtandio, tayari kwenda Changamwe kwenye ghala la majani ya chai anakosimamia wafungaji.

"Vidonge vitano havipo."

"Umekunywa ukasahau."

"Sijasahau. Nimeandika."

"Kwa hiyo ni mimi?"

"Nauliza tu."

"Matano, mimi kinachoniuma ni wewe, na dawa yako haijatengenezwa." Akatia simu mkobani. "Kikapu cha dawa kiko kwa mama yako. Muulize yeye."

Ushauri huo ulikuwa sahihi na hautekelezeki. Bi Mwanatabu, mamake Matano, alikuwa na miaka sabini na sita, na tangu mwanawe arudi kutoka hospitali ndiye aliyeshika dawa, kwa kuwa mgonjwa hakuweza kujinyoosha kufikia hata kikombe. Hakujua kusoma maandishi ya hospitali lakini alizijua dawa zote kwa sura: nyeupe, za rangi mbili, na chupa ya maji matamu ya kulainisha choo. Hakuwahi kukosea saa. Kumuuliza habari ya vidonge vitano kungekuwa ni kumwita mwizi ndani ya nyumba aliyoijenga yeye na marehemu mumewe kabla Mtongwe haijapata umeme. Matano alimeza kidonge chake cha asubuhi, akaandika "vimebaki vinane", akaamua kwamba tuhuma haitolewi bila ushahidi. Angejifanya amelala.

Haikuwa kazi ngumu. Kitanda chake kilikuwa sebuleni. Siku ileile aliyorudi, wanaume wanne walikihamisha kutoka chumbani ili wageni wasipate taabu ya kuingia ndani. Kwao mgonjwa hapumziki, mgonjwa anapokea. Wageni walianza kuja saa nne, wakakaa mkekani na kwenye makochi, wakauliza mambo matatu: analala, anakula, amepata choo? Majibu yalitolewa na Bi Mwanatabu kwa sauti ya kutosha nyumba tatu. Kufikia Jumatano, Mtongwe nzima ilijua kwamba Matano ana siku tano hajapata choo.

Saa nne na dakika arobaini aliingia Bi Ummi, rafiki ya mamake tangu utotoni, na papai lenye ukubwa wa mtoto mchanga.

"Kalala?"

"Kalala. Wallahi tangu asubuhi hajafumbua jicho."

Huo ulikuwa uongo. Matano aliuhifadhi.

"Na choo je?"

"Siku ya tano leo."

"Maskini. Na ukubwa wote ule." Bi Ummi akashuka mkekani kwa mafungu, akilalamika katika kila fungu. "Mie magoti, Mwanatabu. Juzi nimesujudu magharibi nikainuka isha. Mjukuu kanipigia kelele, kadhani nimekwisha kwenda."

Waliongea juu ya magoti, juu ya bei ya nazi, juu ya mke mpya wa mtu fulani ambaye, kwa maoni ya wote wawili, hakuwa mpya kiasi hicho. Halafu Bi Ummi akaaga, na Bi Mwanatabu akasema, "Hebu ngoja kwanza. Hutoki mikono mitupu."

Kikapu kililia. Kifuniko cha kikopo kilifunguka.

"Hiki hapa, cha rangi mbili. Unywe baada ya kula, na maji mengi."

"Na hicho cheupe?"

"Hii panadol."

"Ah, panadol kwangu ziko."

"Mama!" Matano alifumbua macho.

Hapa inafaa kueleza jinsi mtu mwenye skrubu nne anavyoinuka. Anakunja magoti. Anageuka mzima mzima, mabega na nyonga kwa pamoja, kama gogo linaloviringishwa. Anashusha miguu huku akijisukuma kwa kiwiko. Anakaa. Anakaza mkanda wa mgongo. Anangoja kichwa kiache kuzunguka. Rekodi ya Matano ilikuwa dakika mbili na sekunde hamsini, na siku hiyo hakuivunja. Alipokuwa kwenye kiwiko, Bi Ummi alifunga kidonge katika pindo la leso. Alipokuwa anakaza mkanda, Bi Ummi alisema, "Haya mwanangu, shifaa inshallah, naona umeamka," akatoka. Alipoacha kuona nyota, tuktuk ilikuwa imeshageuza.

"Mama, umempa nini?"

"Kile cha magoti."

"Si cha magoti. Ni cha mgongo wangu!"

"Mgongo na magoti vimeshikana."

"Jana umegawa vitano."

"Sikuhesabu. Mhesabuji ni wewe." Bi Mwanatabu alifunga kikopo bila haraka. "Mtu katoka kwao Likoni, kapanda tuktuk mbili, kabeba papai, kaja kukutazama wewe ulivyolala kama samaki wa mnadani. Nimuache atoke hivihivi? Zamani nilikuwa natia nazi ndani ya kapu la mgeni, natia muhogo. Shamba mmelijenga vyumba vya kupangisha. Nimpe nini sasa, ile picha ya skrubu zako?"

"Ungempa maji."

"Maji kwao hayapo?"

"Mama, dawa hii ni kali. Bi Ummi ana presha, anakunywa dawa nyingine. Inaweza kumzimisha."

"Mbona wewe haikukuzimisha?"

"Basi nenda ukakichukue kabla hajakimeza."

Bi Mwanatabu alimtazama kama aliyetukanwa mbele za watu. "Nikaombe nilichotoa? Nisimame mlangoni kwa Ummi niseme nirudishie? Unizike kwanza, halafu nitumwe."

Kwa hiyo Matano alipiga simu yeye mwenyewe. Mjukuu wa Bi Ummi alipokea, akaahidi kumwambia bibi asimeze kitu. Kisha Matano akahesabu upya. Vilibaki saba. Alihitaji kumi na vitatu.

Simu ya pili ilikuwa ya wodini. Muuguzi Mercyline, aliyemtoa mirija siku ya tatu bila huruma na bila kosa, alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama yako amewapa wageni."

"Ndiyo."

"Kama kahawa."

"Kama nazi," alisema Matano, ambaye alipenda usahihi.

Ilifuata sauti ya mtu aliyeziba simu kwa kiganja ili acheke. Aliporudi alikuwa muuguzi tena. "Sikiliza, baba. Panadol usiruke hata saa moja, kunywa kwa saa hata kama huumwi. Tramadol weka usiku na kabla ya kutembea. Tembea kidogo kidogo mara nyingi. Barafu ndani ya taulo, pembeni ya kidonda, si juu yake. Na asikudanganye mtu akakupa diklofenaki, hizo zinachelewesha mfupa kushika. Ukipata ganzi katikati ya mapaja, au mkojo ukikataa kutoka, uje siku hiyohiyo. Umeelewa?"

"Nimeandika."

"Na daktari ukimwambia habari ya mama hataamini. Sisi hapa kila mgonjwa ana mama."

Saa tisa alasiri alikuja Kitsao, jirani wa ukuta mmoja, mgema wa mnazi, akiwa na kofia mkononi na adabu isiyo ya kawaida.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Bwana Matano, pole. Jana mama alimpa mke wangu Kafedha kile cha kijani. Kile cha kijani, bwana!" Kitsao akaketi. "Alilala adhuhuri, akaamka jioni, anatabasamu."

"Alikuwa anapumua vizuri?"

"Anapumua, anakoroma. Nikaona hii nafasi. Nikamwambia, Kafedha, nataka kuuza lile beberu. Akasema, sawa baba. Miaka kumi na tisa, Matano, sijawahi kuambiwa sawa baba. Leo asubuhi kaamka mzima, kabatilisha yote, na ukali umezidi." Akainamia kitanda. "Nipatie kimoja. Kimoja tu. Mnunuzi anakuja Ijumaa."

"Kitsao, hiyo ni dawa ya maumivu."

"Na mimi nimekwambia siumwi?"

"Hakuna. Mimi mwenyewe havinitoshi."

Kitsao alifikiri. "Kama dawa imepungua, mimi ninayo kule juu ya mnazi."

"Mimi Mwislamu."

"Najua. Nilikuuliza kama jirani, si kama sheikh."

Jalila alirudi saa kumi na mbili na nusu jioni, akavua viatu, akakaa chini, akaanza kucheka kabla ya kusalimia. Alikuwa amepitia kwenye hitma ya kumwombea mzee mmoja marehemu, karibu na stendi. Bi Ummi alikuwa amekwisha meza kidonge ndani ya tuktuk, kabla hajafika kwake na kabla simu ya Matano haijapigwa. Katikati ya kisomo aliegemea ukuta, akalala. Wakamwita, hakuitika. Wakamtingisha, hakuitika. Mwanamke wa pembeni yake akaanza kulia, wa pili akaanza Yasini, na kulikuwa na maiti mbili katika hitma moja mpaka vyombo vilipogongana jikoni. Hapo Bi Ummi alifumbua macho, akauliza kwa sauti kubwa kama pilau imeshapita.

"Na sasa yuko wapi?" aliuliza Matano.

"Kwake. Kijana wa zahanati kampima presha, iko sawa. Anasema magoti hayaumi."

"Si nilisema?" alisema Bi Mwanatabu.

Matano alitoa uamuzi. Kikopo hakitarudi kikapuni. Kitakaa ndani ya mkanda wa mgongo, kati ya kitambaa na tumbo, mahali ambapo hakuna mtu angekifikia bila yeye kujua. Vidonge saba aligawa hivi: kimoja usiku huo, viwili Alhamisi, kimoja Ijumaa, kimoja Jumamosi, kimoja Jumapili, kimoja Jumatatu. Cha Jumatatu hakikuwa na mjadala. Kutoka Mtongwe hadi hospitali ya kisiwani kulikuwa na matuta kumi na saba ya barabarani, alishayahesabu siku ya kuja, na hapo bado gari kuingia na kutoka ferini.

"Unanificha dawa," alisema mamake. "Miaka hamsini na mmoja nimekulea, leo unanificha panadol ya rangi."

Alhamisi walikuja wageni kumi na mmoja, idadi kubwa kuliko siku yoyote. Hakuna aliyeuliza kama Matano analala. Mmoja alikuwa na kiuno, wawili walikuwa na magoti, mmoja alikuwa na mume. Walibeba sukari na juisi na kutazama kikapu. Bi Mwanatabu alishinda kwa aibu mpaka adhuhuri. Kisha mkono wake, uliokosa cha kutoa, ukaifikia chupa ya maji matamu. Akawapa kijiko kimoja kimoja, na waliolalamika zaidi akawapa viwili. Kumi na mmoja wote waliisifu ladha.

Ijumaa hakuja mtu. Habari zilizofika kupitia kwa Kitsao zilitaja foleni katika vyoo vya nyumba nne na mwanamke mmoja aliyeshuka njiani kabla ya kituo chake. Sebule ilikuwa kimya kwa mara ya kwanza tangu kitanda kihamishwe.

Kimya hicho hakikupunguza maumivu. Daftari la Alhamisi lilionyesha saba adhuhuri na nane jioni, katika kipimo cha sufuri hadi kumi. Hatua sitini, mpaka langoni na kurudi. Mguu wa kushoto kama uliogusa waya wa stima. Jalila alinunua barafu za ukwaju dukani, zile za watoto, akazifunga ndani ya taulo na kuziweka pembeni ya kidonda dakika kumi na tano kila mara. Baadaye mama alizikusanya akazirudisha kwenye friji. Kama kuna aliyezinyonya haikuthibitishwa. Ijumaa ilikuwa saba, kisha sita, hatua mia na ishirini, pamoja na matusi matatu kwa aliyebuni skrubu, ambayo Matano aliyatamka kwa sauti na hakuyaandika. Jumamosi ilikuwa sita. Saa moja na dakika tano asubuhi ya siku hiyo, kwa sababu tramadol ilikuwa imepungua tumboni na papai lilikuwa limeliwa lote, choo kilipatikana. Bi Mwanatabu alitoka barazani kutangaza. Kutoka upande wa pili wa ukuta Kitsao alijibu, "Alhamdulillahi," ingawa yeye ni Mkristo.

Jumapili saa mbili usiku Matano alikaa na kalamu. Hatua zilikuwa mia nne. Maumivu yalikuwa tano. Alijua daktari husoma daftari kabla ya kumtazama mgonjwa. Nane ingempa karatasi ya vidonge vingine ishirini, vyake peke yake, ndani ya mkanda. Tano isingempa kitu. Na safu ya vidonge ilikuwa na tatizo lake: kikopo kingefika kliniki kitupu siku ileile iliyopangwa, na asingeulizwa chochote kama safu ingesema vitatu, vitatu, vitatu, viwili, viwili, kimoja. Zilikuwa namba tano tu za kubadilisha. Bandarini walikuwepo makarani waliobadilisha namba tano wakajenga ghorofa.

"Unaandika nini muda wote huo?" aliuliza Jalila.

"Namba."

"Inauma ngapi?"

"Nikisimama, tano."

"Basi andika tano ulale."

Safu ya vidonge aliiacha ilivyo. Aliandika tano.

Jumatatu, siku ya kumi na nne, alimeza kidonge cha mwisho saa kumi na mbili kamili asubuhi. Matuta yalikuwa kumi na saba. Bi Mwanatabu alikaa kiti cha mbele, kwa kuwa alikataa kubaki nyumbani, na kila tuta alimlaumu dereva kwa jina la babake.

Daktari alikagua kidonda, akamwambia Matano asimame kwa vidole, kisha kwa visigino. Akauliza juu ya ganzi, akauliza juu ya mkojo. Akatazama picha mpya ya eksirei: skrubu nne, zote mahali pake. Ndipo akafungua daftari, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, akarudi nyuma.

"Hapa Jumatano asubuhi ulipaswa kuwa na kumi na vinne. Tangu hapo mpaka leo umeandika umekunywa vinane. Kikopo ni kitupu." Akainua macho. "Sita viko wapi?"

Matano alifungua mdomo.

"Nimewapa watu," alisema Bi Mwanatabu. "Kafedha wa Kitsao kiuno. Ummi magoti. Shangazi yake huyu bega, na yule mwali wake kichwa. Mke wa imamu sikumuuliza, ni mambo ya ndani. Na fundi cherehani wa pale njia panda, huyo mgongo kama huyu, ila hana skrubu."

Daktari aliweka kalamu chini. "Mama, dawa hii inaweza kuua mtu mzima."

"Hakufa mtu. Mmoja alilala hitmani."

"Safari nyingine atakufa."

Bi Mwanatabu aliwahesabu wale sita kwa vidole. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki mbili.

"Daktari," alisema Matano, "nilikuwa nahitaji karatasi ya vingine. Ya wiki moja tu."

Daktari aligeuza daftari upande wake, akaweka kidole. "Hii tano umeandika wewe?"

"Mimi."

"Na hizi hatua mia nne?"

"Mimi."

"Choo?"

"Jumamosi saa moja na dakika tano."

"Basi nikuandikie kwa nini? Mimi nilipanga uanze kuiacha wiki hii. Wewe umeanza Jumatano."

"Sikuanza. Nimeanzishwa."

"Mfupa hauulizi."

"Na hizi nyeupe, daktari?" Bi Mwanatabu aliingilia. "Watu hawazitaki."

"Ndiyo maana nampa hizo."

Saa tano na dakika ishirini asubuhi daktari alipiga mstari juu ya neno tramadol, akaandika panadol mbili kila baada ya saa sita, akatia saini na muhuri.